Makosa Yanayopungua Yenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Chipu za majaribio zimerudi kutoka kiwandani. Ishirini na nne, ndani ya kisanduku kidogo kuliko kipande cha sabuni. Kazi ya ghorofa nzima, miezi na miezi! Fundi wa maabara alizifunga moja moja kwenye ubao wake, akavaa spika za masikioni, akafumba macho. Sisi wengine tumesimama nyuma yake kama ndugu wa mgonjwa.

"Zinasikia," akasema. Tukapiga makofi. Kisha akainua kidole. Ngoja kwanza. Kuna kitu.

Tk.

Nikapewa spika nami nisikilize. Sauti ya mtu anasoma habari, safi kabisa — halafu tk. Kama mtu kavunja kijiti. Dakika mbili kimya, halafu tena. Hiki ni kifaa cha kuvaliwa sikioni na mtu asiyesikia vizuri, kutwa nzima. Nani atavumilia?

Fundi akapunguza mapigo ya saa ya chipu, yale yanayoiendesha, nusu yake. Tk ikatoweka. Akayarudisha, nayo ikarudi. Hapo nilijua kabla hajafungua mdomo. Hesabu ya sauti ikikosewa, inakosewa hata polepole. Huu ni muda. Kuna ishara mahali fulani inachelewa kwenye waya, pigo la saa linagonga kabla haijafika.

Na mkaguzi wa muda ni mimi! Ripoti iliyotumwa na mchoro ule mwezi wa Novemba ina sahihi yangu: makosa sifuri. Mkuu wa ofisi alinitazama, akatazama ukuta, akatukumbusha kwamba mchoro wa mwisho unatakiwa kiwandani Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14, saa kumi jioni. Ukishatoka umetoka.

Ripoti ile niliisoma mara tatu. Tatu!

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nimeukagua mchoro wote upya. Majibu: sifuri. Nikanywa chai, nikakagua tena. Sifuri.

Nikamwendea Mzee wa Saa. Tunamwita hivyo kwa sababu ndiye anayepanga mapigo ya saa yagawiwe vipi chipu nzima, na kwa sababu mwenyewe hajawahi kuvaa saa. Nikamwomba akague na yeye, kwa akaunti yake, nisije nikajishuku bure. Akakagua baada ya chakula cha mchana. Akanipigia simu huku tunatazamana, meza sita tu kati yetu.

Makosa ishirini na saba.

Nilidhani utani. Mzee huyu naye kwa utani! Nikaenda kusoma kwa macho yangu. Ishirini na saba, yote kwenye kitalu kimoja cha chipu, kile kinachochuja kelele. Yote ya aina moja. Nyaya mbili ndefu zimelazwa ubavu kwa ubavu, hakuna nafasi ya kupumua. Ishara ya moja inapanda wakati ya jirani yake inashuka, na ile ya pili inacheleweshwa. Mchokozi na mchokozwa, ndivyo tunavyoziita. Kosa baya kuliko yote: pikosekunde mia nne na kumi, kijisehemu kidogo mno cha sekunde. Hiyo ndiyo tk yetu, hiyo!

Lakini asubuhi ilikuwa sifuri. Programu ileile. Mchoro uleule — au siyo uleule?

Nikafungua daftari la misamaha kwanza, ili nisimuonee mtu. Kuna makosa tunayoyasamehe kihalali: nyaya mbili zisizogeuka kamwe wakati mmoja haziwezi kuchokozana, basi unaandika jina la waya, sababu, na jina lako, na programu inazipita kimya. Misamaha sitini na moja. Nimesoma yote. Hakuna hata mmoja wa kitalu kile.

Nikafungua kitabu cha mabadiliko, kinachojiandika chenyewe kila mtu anapohifadhi mchoro. Kati ya ukaguzi wangu na wa Mzee, mstari mmoja tu. Saa sita na dakika arobaini, wakati wa chakula, ghorofa tupu. Kitalu cha kuchuja kelele.

Aliyehifadhi ni mchoraji wake. Wifi yangu.

Jumatano, 5 Machi

Sijalala vizuri. Nimeamka nikamkuta jikoni anapuliza chai, mchangamfu, ananiuliza mbona macho mekundu wifi. Mtu anaishi nyumbani kwangu! Chumba cha nyuma, tangu Juni ya mwaka jana ndoa yake ilipovunjika. Kazi nimemtafutia mimi. Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, mkono wake mtulivu, nikamwambia Mkuu huyu anafaa, kuta au nyaya yote ni mistari. Nimemfundisha mimi, kiti kwa kiti.

Njiani hatukusema mengi. Yeye ndiye aliyesema.

Baba watoto aliniuliza jana kuna nini. Ni fundi cherehani, chipu kwake ni kitu cha viazi. Nikamwambia: wewe hesabu mishono, moja, mbili, tatu. Mimi nikae karibu yako nihesabu kwa sauti kinyumenyume, kumi, tisa, nane. Utafika kumi? Akasema nitafika, ila nitachelewa na nitakasirika. Basi ndivyo nyaya zilivyo, nikamwambia, ila hazikasiriki.

"Si umsogeze huyo mwingine?"

"Kumsogeza ndiyo kazi ya dada yako."

Akajifanya anatafuta sindano. Mtu mwenye sindano kumi na mbili kifuani!

Alhamisi, 6 Machi

Nimetega. Sikumwambia mtu. Saa nne asubuhi nimekagua: sifuri. Saa sita na nusu nimeaga naenda kula, nikaenda kusimama ngazini, pale penye kioo cha mlango. Wote wametoka. Wifi amebaki. Chakula chake kwenye kontena, kifuniko hakijaguswa. Amekaa ameinamia skrini, mkono unakwenda taratibu, anavuta kitu, anaachia, anavuta kingine. Anageuka kuangalia mlango. Anarudi.

Saa nane nikamwomba Mzee wa Saa akague tena. Ishirini na moja.

Ishirini na saba, sasa ishirini na moja! Mzee akafurahi, akasema basi kuna mtu anayarekebisha. Nani? Hakuna aliyetoa taarifa. Sheria ya ofisi hii hata mfagiaji anaijua: baada ya mkaguzi kupita, hakuna kugusa waya bila kumwambia mkaguzi. Anayeficha kurekebisha ana kitu alichokiharibu. Mwizi akisikia polisi wanapita nyumba kwa nyumba, huanza kurudisha sufuria moja moja usiku.

Kwangu bado sifuri, ingawa ya juzi hayajaisha; hilo sijalielewa vizuri, ila mimi nakagua kabla. Yeye anagusa baada. Ndivyo ilivyokuwa na Novemba, bila shaka. Nimetia sahihi, kisha mkono ukapita nyuma yangu.

Jioni tukiosha vyombo. Mimi nasugua, yeye anasuuza. Akauliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua: wifi, hivi ile folda yako binafsi kazini huwa unaisafisha? Nikamjibu folda yangu inakuhusu nini. Akasema hapana, nimeuliza tu, mafaili ya zamani huwa yanajaa.

Mafaili yangu! Sasa anataka kujua nimeweka nini.

Ijumaa, 7 Machi

Nimebadilisha nywila.

Mzee: kumi na nne. Mimi: sifuri.

Nimepita nyuma ya meza ya wifi bila viatu kulia, nimejifunza kutembea kwa ncha za vidole. Alikuwa na orodha kwenye skrini. Aliponiona alifungua kalenda. Kalenda! Nikamuuliza unatafuta sikukuu? Akacheka. Mimi sikucheka, nilitikisa tu mabega.

Nimekumbuka kitu. Mwezi wa kwanza wa kazi yake, kichwa chake hakikuwepo. Alikuwa anachora huku simu inalia, mumewe huyo, wakwe hao. Kitalu kile kilikuwa kichaka. Nilimkingia kifua mbele ya Mkuu. Leo ndiyo shukrani. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani kutwa. Nilikuwa nimelala chumbani, wao walidhani nimelala kweli. Barazani kaka na dada, sauti za chini. Niliyoyapata: wifi anasema zimebaki chache, akimaliza hakuna atakayejua, na yeye hatapata aibu. Baba watoto akasema mwambie tu. Wifi akasema hapana, unamjua alivyo, ataumia.

"Yeye" ni nani? Atapata aibu nani? Nilitoka kwa kishindo, wakanyamaza wote wawili. Wifi akasema chai ipo.

Nilimbana baba watoto kule nyuma kwenye kamba ya nguo. Akasema muulize wifi yako mwenyewe, msiniweke katikati. Nikamwambia katikati ndiko kazini tunakoweka waya wa ardhi, hausemi, haugeuki, unazuia tu jirani asimchokoze jirani. Akasema basi mimi ndiyo huo waya. Akaondoka na vibanio vyangu vya nguo mfukoni!

Damu ni nzito. Anamlinda dada yake. Nimeolewa miaka kumi na tano, nimejua leo nimesimama upande gani wa uzi.

Nampenda wifi, hilo niliandike. Alikuja na mabegi mawili na tabasamu, na watoto wangu wanamkimbilia kabla yangu. Ndiyo maana inauma.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeandika barua kwa Mkuu. Ukurasa mmoja. Tarehe, saa, mistari ya kitabu cha mabadiliko, hesabu za Mzee: 27, 21, 14, na leo 9. Sikuandika "wifi". Nimeandika "mchoraji wa kitalu". Nimeisoma mara nne, hakuna neno la uongo ndani yake.

Nimeituma saa nane na dakika tano.

Mkuu amenijibu mstari mmoja. Asante. Hili ni la kumwondoa mtu.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Saa tisa nilimwona wifi anakula peke yake pale dirishani, hatimaye amefungua kontena. Ameniwekea nusu upande wa pili wa kifuniko, kama kawaida yake. Nimesema nimeshiba.

Jumanne, 11 Machi

Saa saba na dakika ishirini Mkuu ameufunga mchoro. Hakuna mtu kuugusa, hata yeye. Wifi alikuwa katikati ya waya. Nilimwona anabonyeza, anabonyeza tena, kisha anaegemea kiti. Hakuuliza kwa nini. Alinitazama mimi moja kwa moja, si kwa hasira. Bora angekasirika!

Mzee wa Saa: sita. Yamebaki sita, na mchoro umefungwa.

Mkuu amemwita wifi, dakika kumi. Ametoka, amechukua mkoba, ameambiwa akae nyumbani mpaka Ijumaa saa tisa, kikao. Atasikilizwa, kisha kama ni kweli, ataondoka siku hiyohiyo.

Mzee wa Saa amenipitia. Kanong'ona, mama, una hakika? Nikamwambia mwenye macho haambiwi tazama. Akasema macho yangu na yako yanaona ripoti mbili tofauti, hilo ndilo linalonisumbua.

Mzee huyu naye anaanza kunichosha.

Jumatano, 12 Machi

Nimerudi nyumbani nimekuta nyumba inang'aa. Amefua hata mapazia. Mabegi mawili yako mlangoni mwa chumba cha nyuma, yamefungwa.

Hajaniambia kitu. Nami sijamwambia. Watoto wanauliza shangazi anasafiri? Anawaambia anapanga nguo tu. Tumekula meza moja, tumepitishiana chumvi kwa heshima kubwa, kama wageni wa harusi wasiofahamiana.

Baba watoto amehamishia cherehani barazani. Anashona kwa nguvu, uzi unakatika, anatunga, unakatika.

Aliponisikia napita akasema bila kuinua kichwa: ulimuuliza? Nikasema ofisi itamuuliza. Akasema mimi sijui chipu. Ila nikimshonea mtu nguo ikambana, sianzi kwa kumpima tumbo lake. Naanza na futi yangu.

Nimepandwa na hasira. Futi yangu haina kasoro!

Alhamisi, 13 Machi

Mkuu aliomba ushahidi safi kwa ajili ya kikao. Ripoti moja, nimkabidhi mkononi, mchoro uliofungwa, nikague mimi mwenyewe kwenye kompyuta ya kikao kwa akaunti ya pamoja, asije mtu akasema nimepika.

Nimekagua saa tatu asubuhi. Makosa sita. Yaleyale ya Mzee.

Sawa. Nikarudi mezani kwangu nipate nakala, nikakagua kwa akaunti yangu. Mchoro uleule uliofungwa. Haukuguswa na mtu tangu Jumanne, kufuli ni ya Mkuu.

Sifuri.

Nilikaa. Nikakagua tena. Sifuri. Nikaenda kompyuta ya kikao: sita. Nikarudi kwangu: sifuri. Watu waliniona napita, napita. Mzee wa Saa akavua miwani.

Mchoro haubadiliki. Hakuna mkono uliopita nyuma yangu. Kinachobadilika ni nani anakagua.

Programu ile, kabla haijasoma daftari la misamaha, hutazama kwanza ndani ya folda binafsi ya anayeikagua. Ikikuta faili la misamaha humo, inalisoma pia. Haitoi taarifa. Ni jambo ambalo mimi ndiye huwafundisha wageni siku ya kwanza: msiache kitu humo. Ni mimi huwafundisha!

Nimefungua. Faili lipo. Mstari mmoja. Nimeandika jina la kitalu cha kuchuja kelele, na baada yake nyota, ile nyota inayosema "kila waya humu ndani". Yaani nimesamehe kitalu kizima. Na chini yake, kwa mtindo wangu, herufi zangu:

"Ya muda tu. Wifi bado anajifunza. ONDOA IJUMAA."

Juni, mwaka jana.

Sasa nakumbuka yote. Makosa mia tatu na arobaini, wiki yake ya tatu kazini, na Jumatatu ripoti ilitakiwa ukutani mbele ya watu wote. Nilijua watamcheka, na Mkuu alikuwa bado hajamkubali. Nikasema niyanyamazishe siku nne tu, nimwoneshe pembeni taratibu, arekebishe, kisha nitoe mstari. Ijumaa ikafika. Ijumaa hiyo ndiyo siku tuliyokwenda na baba watoto kumchukua na mabegi yake. Alilia njia nzima. Nilimshika mkono garini, na mstari ukabaki.

Miezi tisa! Kila ripoti niliyotia sahihi kitalu kile kilikuwa kimefungwa mdomo. Aliyarekebisha mengi mwenyewe kwa kujifunza, lakini yaliyosalia hakuna aliyewahi kumwonesha, kwa kuwa mkaguzi wake alikuwa kiziwi. Novemba yakatoka kwenda kiwandani na jina langu chini.

Na yeye alijua; somo la folda nilimpa mimi mwenyewe. "Folda yako binafsi huwa unaisafisha?" Alikuwa ananiomba nifungue mlango mwenyewe, asinifungulie mbele ya watu. Nikabadilisha nywila. Naye alikuwa ameshaanza kuzisogeza nyaya moja moja wakati wa chakula, waya wa ardhi hapa, nafasi kidogo pale, ili ifike tarehe 14 pasiwe na kosa, wala swali, wala mtu wa kuulizwa. "Yeye hatapata aibu." Yeye ni mimi.

Nyani haoni kundule. Na mimi ndiye niliyekuwa na ulimi wa kusemea watu!

Nimefika nyumbani na maneno yangu yote. Baba watoto peke yake barazani. Wifi amekwenda kulala kwa rafiki yake. Kaacha ujumbe: asante kwa chumba. Nimempigia simu mara tano. Haipokelewi.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tisa na dakika ishirini. Naandika kazini, mezani, mbele ya watu. Sijawahi. Naandika ili mkono uwe na kazi.

Wifi yuko ndani kwa Mkuu, chumba cha kioo, tangu saa tisa kamili. Amevaa gauni la bluu aliloshonewa na kaka yake. Nilimdaka mlangoni akiingia, nikamshika kiwiko, nikasema wifi, nimeliona faili. Akasema najua, umenipigia simu tano, wewe huwa hupigi zaidi ya moja. Nikasema nitamwambia Mkuu. Akasema: wewe una watoto wawili na miaka kumi na tisa ofisini hapa, mimi mabegi yangu yameshafungwa. Kisha Mkuu akafungua mlango.

Mzee wa Saa ametoka humo sasa hivi, aliitwa kuthibitisha hesabu. Anasema amekubali kila kitu. Anasema yeye ndiye aliyezigusa nyaya, siku tano, wakati wa chakula, bila ruhusa. Wakamuuliza kwa nini ukaguzi wangu ulikuwa sifuri na wa wengine hapana. Akasema hajui. Mzee ameniangalia muda mrefu. "Anadanganya," akasema, "na hajazoea." Ameenda kukaa.

Makosa sita bado yapo. Zimebaki dakika arobaini. Anayejua nyaya zipi zisogezwe wapi ni mtu mmoja, na sasa hivi anaandikiwa barua ya kuondoka.

Faili liko wazi mbele yangu. Mstari mmoja na nyota yake. Folda binafsi haiandikwi kwenye kitabu cha mabadiliko. Nikibonyeza kufuta, hautabaki hata unyoya. Nikikagua baada ya hapo nitapata sita kama kila mtu, na nitaweza kusema nilikosea kusoma, macho, uchovu, umri. Nani atabisha? Wifi mwenyewe atanitetea!

Nimeweka kidole. Nimekiondoa. Nimekiweka tena. Mimi mwenye kazi ya kutomwamini mtu, leo sijiamini mwenyewe, kwa mara ya kwanza nashuku pahali panapostahili.

Dakika thelathini na tatu.

Mkuu amefungua mlango. Ananiita. Anasema nije na kompyuta yangu, niwaoneshe hiyo sifuri ilivyotokea, kwa sababu maelezo ya mchoraji hayakai sawa. Nyuma yake wifi amesimama. Ananitazama mimi, na anatikisa kichwa, kidogo sana, kushoto, kulia. Usiseme.

Nimeinua kompyuta. Ni nzito kuliko ilivyokuwa asubuhi. Sijaifunga. Mstari uko pale katikati ya skrini, herufi zangu, Juni, Ijumaa, na ye yote atakayesimama mbele yake atausoma kabla sijafungua mdomo. Kidole bado kiko

Mkuu ameita mara ya pili. Anauliza mbona nachelewa.